Msumari wa Kofia

6 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na kama una sufuria mkononi iweke chini kwanza, maana salamu zenyewe ni nyingi na zinataka mikono miwili. Mimi kaka yako Jogoo ni mzima, tena mzima wa kupita kiasi. Paa halivuji. Mwanangu mkubwa kapata mtoto mwingine, wa kike, ana masikio yangu, kwa hiyo atakuwa mzuri. Fundi viatu jirani yangu bado anakuja kila asubuhi kusoma gazeti langu bila kununua lake, na akimaliza analalamika kwamba habari ni za jana.

Kalamu hii kwangu ni nzito kuliko mkasi, unajua shule niliiona kwa mbali, lakini nimeishika ili nikueleze habari moja. Duka langu la kunyolea nimelipanga upya. Kile kioo kikubwa nimekishusha. Redio nimeitoa kwenye rafu ya juu nikaiweka juu ya ndoo ya maji. Kiti cha kuzunguka nimekisukuma pembeni, sasa mteja anakaa kwenye kigoda, mimi nasimama juu yake kama jaji. Na ule msumari wa kofia yangu, niliopigilia juu ya mlango siku niliyofungua duka, nimeung'oa nikaupigilia usawa wa kifua. Ndiyo mtindo wa sasa. Fundi viatu anasema duka limekuwa la watoto wa chekechea. Nimemwambia aanze kushona mdomo wake ndipo ashone viatu vya watu.

Halafu nimeamua kubobea kwenye ndevu. Vichwa nimepunguza. Kichwa kila mtu anaweza kunyoa, hata wewe. Ndevu zinataka fundi.

Habari ndizo hizo, nyingine hakuna.

Kaka yako,
Jogoo


Jumanne, 3 Machi, asubuhi

Kaka yangu Jogoo,

Salamu nimezipokea kwa mikono miwili kama ulivyoagiza, na mchuzi ukaungua. Hongera kwa mjukuu. Namwombea apate masikio yako na si mdomo wako. Huku kwa binti yangu tuko salama. Mume wake kapandishwa cheo, anarudi nyumbani kachoka hata salamu anaitikia kwa nyusi. Ninavyoandika hapa mjukuu wangu mdogo kalala miguuni pangu, sithubutu kusogea.

Kazini ni kama kawaida. Wagonjwa wa viungo hawaishi. Kuna mwashi mmoja, fundi matofali, aliyeanguka kwenye jukwaa, tunamfundisha upya kuinua mkono. Mbishi kama wewe, ila yeye ananyamaza.

Sasa kaka, barua yako nimeisoma nikairudia. Kila kitu dukani kwako kinashuka. Kioo kimeshuka, redio imeshuka, mteja kashuka. Vichwa umeviacha, umebaki na ndevu ambazo ziko chini ya kichwa. Na msumari umeshuka! Msumari uliougongomelea juu ya mlango kwa makusudi, ili kila anayeingia akuone unavyotundika kofia bila kujinyoosha, kisha umwambie, "Umeuona mkono huu?" Mimi nilikuwepo. Uliniambia mimi wa kwanza.

Bega lipi?

Mdogo wako anayekupenda,
Chiriku


20 Machi

Chiriku,

Salamu, ingawa hujastahili zote. Mimi mzima, mjukuu mzima, fundi viatu kwa bahati mbaya mzima.

Wewe tangu utoto ni mtu wa kuchungulia. Mtu akikwambia kanunua kigoda, unauliza anaumwa nini. Hospitali imekuharibu, ukiona binadamu unaona mifupa tu.

Haya, kwa sababu hutaninyamazia: ni bega la kushoto. Linanigusagusa. Ni lile la bure, kazi yake kushika kichana tu. La kulia ni chuma, na ushahidi unao mkononi mwako, maana barua hii naiandika kwa mkono wa kulia, tazama herufi zilivyosimama wima. Mkono mgonjwa ungeweza?

Sitaki vidonge na sidungwi sindano. Lakini kama mna zoezi lolote la kijinga la kupotezea muda wakati nasubiri wateja, andika. Nitalifanya kwa ajili ya kukufurahisha wewe tu.

Jogoo


Alhamisi, 9 Aprili

Kaka yangu,

Natumaini barua hii itakufikia kabla hujashusha na dari. Sisi wazima. Mjukuu kaota jino, kaniuma nalo ili niamini.

Kuandika si ushahidi. Ukiandika kiwiko kimelala mezani na bega limepumzika. Lakini sawa, tuseme ni la kushoto kama unavyosema.

Nikueleze ulivyoumbwa, maana umeubeba mwili huo miaka yote bila kuufungua. Bega si kama bawaba ya mlango. Mfupa wa mkono kwa juu una kichwa cha mviringo, mfano wa chungwa, na chungwa hilo limekaa ubavuni mwa kisahani kidogo sana, kama cha kikombe cha kahawa. Ndiyo maana mkono unakwenda kila upande, na ndiyo maana ni rahisi kuharibika. Kisahani ni sehemu ya kombe, lile fupa bapa la mgongoni. Kutoka kwenye kombe inakuja misuli minne midogo, inalikumbatia chungwa kama vidole vinavyoshika yai. Kwa nje kuna msuli mnene, umefunika bega kama kofia. Huo ndio wanaume mnaojivunia. Huo mnene una nguvu za kuinua, lakini akili hauna. Ile midogo isipolishika chungwa katikati ya kisahani, mnene unalivuta juu mpaka linagonga dari la mfupa lililo juu yake. Hapo ndipo mtu anapoona nyota mchana.

Nataka nijue kama tatizo ni kiungo kukaza au ni msuli. Lala chali. Shika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uusukume mgonjwa kwenda juu ya kichwa. Mgonjwa usijisumbue, ubebwe kama bwana harusi. Niandikie umefika wapi. Halafu kila siku inama, shikilia meza kwa mkono mzima, mgonjwa uuache uning'inie, uutikise taratibu mbele na nyuma, uzunguke kama ndoo inavyozunguka kwenye kamba. Taratibu, kaka. Hushindani na mtu.

Chiriku


2 Mei

Kwa daktari wangu asiyeona,

Salamu kutoka kwa mgonjwa aliyepona! Mimi nilikwambia. Nililala chali kwenye mkeka nikashika ufagio. Kushoto kukapanda mpaka vidole vikagusa ukuta nyuma ya kichwa. Fundi viatu alichungulia mlangoni, akasema, "Mzee, umekufa au unafagia dari?" Nimeinama kila siku, nimening'iniza, nimezungusha, sijakosa. Sasa huo mkono wa kushoto umekuwa wa kijana wa ishirini. Juzi nimeua nzi angani. Angani, Chiriku! Wangekuwa wanatoa zawadi kwa mabega ningeshachukua kikombe.

Kwa hiyo waambie wenzako hospitali wakitaka mtu wa mfano nipo.

Duka linaendelea. Yule mwalimu mrefu, mteja wangu wa siku zote, kanuna kidogo. Nilimwachia nywele juu utosini, kama kisiwa hivi. Ni mtindo mpya, lakini walimu hawana jicho la mitindo. Amesema wanafunzi walicheka darasa zima. Atazoea.

Jogoo, bingwa


Jumanne, 19 Mei

Kaka,

Sisi hatujambo. Mjukuu anasimama kwa kushika ukuta, anaanguka, anasimama tena, wala hasingizii mtindo.

Nimefurahi kwamba kushoto kunaua nzi. Bega bovu haliponi namna hiyo kwa wiki chache, wala haligusi ukuta siku ya kwanza. Mkono huo haukuwa unaumwa hata chembe. Umelala kwenye mkeka, umeinama juu ya meza, umetoka jasho, kumfanyisha mazoezi asiyeumwa, kwa sababu tu uliniandikia kushoto na ukaona haya kujisahihisha. Katika wagonjwa wote niliowashika sijapata kuona. Nimecheka mpaka binti yangu akaja kuuliza kuna nini. Kisha kicheko kikaniishia.

Kwa sababu kile kisiwa si mtindo. Ili ufike utosini kwa mtu mrefu, hata akiwa kwenye kigoda, lazima kiwiko kipande juu ya bega. Na mkasi unaushika kwa mkono gani, kaka? Nakuuliza kama dada yako, mambo ya hospitali tuyaweke pembeni.

Chiriku


Jumatano, 24 Juni, saa nne asubuhi

Kaka,

Hujajibu. Labda posta, mvua huku zimezidi. Kama ni posta, basi naigombeza posta.

Kama ni mimi niliyekukwaza kwa kucheka, naomba radhi. Andika hata mstari mmoja, hata unitukane.

Chiriku wako


10 Julai

Mdogo wangu,

Posta haina kosa. Barua zako zote mbili ziko hapa chini ya redio.

Ni la kulia.

Lilianza kabla ya mwaka mpya. Nikilala upande huo linaniamsha. Kuvaa shati naanza na mkono huo kama mtoto anayevishwa. Siku ya mwalimu nilikuwa nimefika utosini, mkono ukakataa. Sikuushusha, ulishuka wenyewe, na mkasi ukapita karibu na sikio lake nikasikia upepo. Nikamwambia, "Tayari, mwalimu." Akajipapasa, akaniangalia kwenye kioo. "Fundi, huku juu vipi?" "Mtindo," nikasema. Akalipa, akaondoka, na hajarudi. Nilifunga mlango siku kadhaa nikasema nina homa. Fundi viatu aliniletea uji na hakufanya mzaha hata mmoja. Hapo nikajua nimeharibikiwa kweli, yule kunihurumia!

Nimefanya ile kazi ya fimbo, safari hii kwa huu wenyewe. Ukibebwa na mwenzake unapanda mpaka karibu na sikio, unauma lakini unapanda. Ukiachwa peke yake unaishia kifuani, unatetemeka. Nimekwambia bila chumvi.

Tangu wifi yako atutoke hilo duka ndilo linaloniamsha asubuhi. Mwanangu anasema nipumzike, niende nikakae kwake. Nikakae nifanye nini? Niangalie ukuta? Watu wananiita fundi. Nikiweka mkasi chini wataniita nani?

Sasa nimesema yangu. Yako je? Mimi sikusoma lakini kichwa ninacho. Huyo mwashi wako aliyeanguka kwenye jukwaa ulishanisimulia mwaka juzi, akapona, akakuletea tofali lenye jina lako. Kaanguka tena? Na barua zako unaziandika Jumanne asubuhi, Jumatano saa nne, mjukuu miguuni. Hospitali gani hiyo yenye mjukuu miguuni?

Jogoo


Ijumaa, 24 Julai

Kaka yangu mpenzi,

Umenikamata, na nimestahili.

Walinistaafisha mwaka jana. Umri umefika, wakanipa saa ya ukutani na keki, wakapiga makofi. Kesho yake niliamka saa ileile nikavaa sare nzima, viatu na vyote, nikakaa kitandani. Sikukwambia kwa sababu nilikuapia mimi nitafanya kazi mpaka mikono inyofoke, na wewe ulisema, "Tutaona nani atatangulia kukaa." Sikutaka niwe mimi. Hapa kwa binti yangu wananipenda, wananikalisha kwenye kiti kizuri, nikishika ufagio wananinyang'anya. Mikono yangu hii haina wa kumshika. Lile tofali nimeliweka dirishani.

Sasa bega lako. Kama unapanda ukibebwa, basi kiungo hakijakaza. Ni kano ya ule msuli mdogo wa juu kabisa, unaopita chini ya dari la mfupa pale penye nafasi finyu. Umeinua kiwiko juu ya vichwa vya watu maisha yako yote, kano ikawa inasuguliwa kama kamba kwenye ukingo wa kisima. Imechakaa, labda imechanika sehemu. Sikuahidi itakuwa mpya. Lakini ile mingine mitatu inaweza kufundishwa kubeba kazi ya mwenzao, na kombe lifundishwe kuzunguka vizuri, kwa sababu mkono unapopanda hadi sikioni kama theluthi ya safari ni ya kombe. Na kigoda usikitupe! Katika yote uliyoyafanya, kumshusha mteja ndilo la maana, ingawa ulilifanya kwa kiburi.

Kata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa. Bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, vuta kwenda nje taratibu. Kisha simama mbele ya ukuta, upande kwa vidole kama mdudu, uweke alama ya chaki pale unapofika. Usisimame kwa ncha za miguu. Usipandishe bega lote mpaka sikioni ukasema ni mkono. Nakujua, utafanya vyote viwili.

Ndiyo maana nasema mazoezi haya hayafundishiki kwa barua, hasa kwa mtu muongo. Yanataka mtu asimame nyuma yako, aweke kiganja kwenye kombe, asikie linakwenda au linadanganya. Mimi nafasi ninayo. Lakini sitakuja kama mgeni wa kujialika, nikasikia kwamba Jogoo hakuhitaji mtu. Niite.

Chiriku


5 Agosti

Chiriku,

Salamu kwa wote hapo, na huyo anayeitikia kwa nyusi.

Mpira wa tyubu nimepata, fundi viatu ndiye aliyekata, kachukua kipande chake mwenyewe, sasa tunavuta wote wawili mlangoni, wateja wanadhani tumeanzisha dini.

Mimi siiti mtu. Tangu nizaliwe sijaita mtu. Nakuarifu tu, kama mtu anavyoarifu, kwamba chumba cha nyuma nimekifagia. Kitanda cha wifi yako nimekitengeneza mguu. Nimenunua chandarua. Kuta nimezipaka rangi, ile ya bluu uliyokuwa unaipenda zamani, ila nimepaka kuanzia chini mpaka usawa wa kifua. Juu pamebaki kama palivyo. Usiniulize kwa nini, unajua kwa nini.

Na hilo tofali lisibaki dirishani, mlango wa chumba hicho unajifunga wenyewe kwa upepo, unataka kitu kizito.

Sikukuita. Basi linafika Jumamosi saa nane, kituo ni kilekile.

Jogoo


15 Novemba

Kwa Chiriku, mlango wa pili

Barua hii haina stempu, naipenyeza chini ya mlango wa chumba chako cha bluu nusu. Salamu za asubuhi. Mimi si mzima.

Naandika kwa sababu kuna mambo mdomo wangu haujayazoea. Jana binti yako amepiga simu kwa fundi viatu nikasikia anauliza mama atarudi lini, mjukuu anakuulizia. Ana haki. Umekaa hapa kipindi, umenisimamia nyuma kila asubuhi na kiganja chako cha baridi mgongoni, "Kaka, hilo ni bega si mkono, shusha, anza tena." Umenipigia kelele mbele ya wateja. Umemrudisha mwalimu mrefu sijui kwa maneno gani, akakaa kwenye kigoda, na wewe ukasimama umeshika kombe langu mpaka nikamaliza utosi wote, hakuna kisiwa. Akasema, "Fundi, leo umetulia." Nilimwambia mwanga ulikuwa mzuri. Haukuwa mwanga.

Na wale mama wanne unaowanyoosha shingo na magoti nyuma ya duka, wanaokuita daktari na wewe huwakatazi, sijui watakwenda wapi.

Sasa nikuarifu kuhusu bega. Ukweli ni kwamba limeharibika. Usiku wa jana lilirudi nyuma kabisa. Asubuhi hii halifiki hata kifuani. Hali ni mbaya, Chiriku, mbaya sana, na naona litahitaji kusimamiwa muda mrefu, labda mwaka, labda miwili, mtu hawezi kujua. Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Kaka yako mgonjwa,
Jogoo


Siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi yako

Kaka,

Nimetoka kwenda kuchota maji nikapita dukani. Kofia yako iko juu ya mlango, kwenye tundu la zamani, na msumari umerudishwa palepale. Ngazi yetu kaazima fundi viatu tangu juzi. Nimemuuliza kama ni yeye aliyeitundika, kaapa kwamba alikuona kwa macho yake mapema leo, umesimama nyayo chini, mkono juu, unajiangalia kwenye kioo.

Binti yangu nimeshamwandikia. Nimemwambia bega la mjomba wake limeharibika vibaya sana, sijui nitarudi lini, na likizo wamlete mtoto.

Toka uje unywe chai, mgonjwa. Kikombe ukishike kwa mkono wa kulia.

Chiriku